Mtu wa video au simu za jamaa? Harusi mbili za nyumba moja Mombasa

Mimi nliolewa 2013, mdogo wangu kaolewa mwaka jana, nyumba ni ile ile ya Kibokoni, baba yule yule, hata msikiti uliosomewa nikah ni mmoja. Yangu ilikuwa na mpiga picha mmoja wa kike na simu za mabinamu, yake tulikodi watu wa video. Kwa hivo siongei mambo ya kusikia, nimekaa pande zote mbili, na kwa vile kila nikienda kwa watu kuna msichana anayeposwa ananiuliza nikodi nisikodi, wacha niyaseme yote mara moja.

Nilivyoona mimi ni hivi, nakwambia mapema. Si lazima ukodi mtu wa video kwa kila shughuli kuanzia hina mpaka fungate. Lakini kuna vitu viwili kwenye harusi ya kwetu ambavyo simu za jamaa hazivipati, kimoja ni sauti ya nikah na cha pili ni kupamba, ile sherehe ya wanawake watupu ukumbini ya kumtoa biharusi, na kama pesa zako zinatosha hivyo viwili tu basi zitoe huko na mengine yote waachie mabinamu.

Nianze na simu. Baada ya harusi yangu nlizunguka na laptopu nikikusanya klipu nyumba hadi nyumba, Bondeni, Kuze, mpaka Likoni kwa shangazi, nkapata klipu 63. Nlipoketi kuziangalia nkakuta arobaini na kitu ni jambo moja, bwana harusi na watu wake wanaingia na dufu kuja kupa mkono, yaani kumshika biharusi mkono baada ya nikah, manake hapo ndipo kila mtu alipotoa simu, wamesimama mlango mmoja wote wananyoosha mikono, klipu hii ina kiwiko cha yule na ile ina kichwa cha huyu. Dufu ninalo la kutosha maisha yangu yote. Ila siku ya hina nyanya yangu alipiga vugo, kashika pembe yake na kijiti, kaketi na wenziwe chini kwenye mkeka wa uani, akaimba karibu nusu saa na wanawake wanamuitikia, na hakuna hata mmoja aliyemchukua, kila mtu alidhani yuko mwengine anayechukua. Nyanya alifariki 2016. Hilo ndilo tatizo la simu, mnaweza kuwa na simu ishirini na kusiwe na mtu aliyepewa kazi.

Siku hizi simu zenyewe ni nzuri zaidi, hilo sikatai, ukiwa nje mchana simu ya bei ya kati inatoa video safi. Lakini limeongezeka jambo jengine, watu wanapiga kwa ajili ya status ya WhatsApp, ile inakaa masaa 24 inaondoka, na mwenyewe keshafuta kwenye simu kwa sababu nafasi imejaa. Na ukitumiwa kwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa mpaka nyuso zinakuwa kama zimepakwa mafuta. Mwambie mtu akutumie kama dokumenti, hiyo inakubali mpaka GB 2 na haibanwi. Mie nlilijua hilo nimeshachelewa.

Sasa nikah. Sisi wengi huku Pwani nikah zetu hatuzioni, inasomwa msikitini baada ya isha wanaume wako huko, wewe uko nyumbani na wanawake umekaa na hina zako unangoja simu iite uambiwe tayari. Yaani neno lenyewe lililokufanya mke wa mtu hulisikii. Kwenye yangu binamu yangu alikaa safu ya tatu na simu, alikuwa na nia nzuri Mungu amlipe, lakini juu ya kichwa chake kulikuwa na feni na msikiti una mwangwi, kwa hivo ninachosikia ni feni, mtu anakohoa, feni tena, halafu amina. Babangu namuona kashika mkono wa mume wangu, midomo inacheza, jina langu silisikii.

Kwa mdogo wangu kijana wa video alifika kabla ya magharibi akamtafuta imamu kwanza, manake misikiti mingine hawataki mataa na mastendi, akaruhusiwa bila taa. Halafu akabana maiki ndogo kwenye kanzu ya bwana harusi, kifuani kwa ndani. Nlimuuliza baadae kwa nini pale, akaniambia wakati wa kuozesha baba na bwana harusi wanakuwa wameshikana mikono, magoti yanakaribia kugusana, vinywa vyote viwili viko karibu na kile kifua, kwa hivo maiki moja inachukua wote wawili na feni linabaki mbali huko. Kamera yake wala haikuwa kubwa. Nlichojifunza ni kuwa kwenye sauti kila kitu ni ule umbali wa mdomo na maiki, na simu ya mtu aliyeketi safu ya tatu iwe ya laki moja iwe ya elfu kumi iko mbali sawasawa.

Kwenye hiyo video unamsikia babangu anasema nakuozesha binti yangu, halafu anasimama. Kama sekunde mbili. Unasikia anavuta pumzi, ndipo anataja jina la mdogo wangu. Mdogo wangu alipoisikiliza mara ya kwanza alirudisha pale pale mara tano hasemi neno, na mimi nlikuwa nimekaa pembeni yake, nkatoka nkaenda jikoni. Siku nyengine nlimuomba baba anirudilie yangu nirekodi tukiwa barazani, akasema nikah haisomwi mara mbili.

Kama huna kabisa pesa ya kukodi, hili la sauti lina njia. Chukua simu moja, iweke hali ya ndege isipigiwe katikati, fungua ile programu ya kurekodi sauti, ianze kabla bwana harusi hajaingia msikitini na umtilie kwenye mfuko wa kifuani wa kanzu, maiki za chini ya simu zielekee juu. Mwengine apige video kwa simu ya pili akiwa mbele, simu imelazwa isisimamishwe, baadae yeyote anayejua kuediti atazioanisha. Sauti itakuwa na mkwaruzo wa kitambaa lakini maneno utayasikia. Laiti mtu angenambia hivo 2013.

Kupamba ni habari nyengine kabisa na hapa ndipo watu wanapokosea. Kwenye nikah unachagua baina ya simu na mtu wa video. Kupamba hakuna simu. Wanawake wamevua mabuibui, nywele ziko nje, nguo zao za ndani ya ukumbi, na kadi imeandikwa simu haziruhusiwi, kwetu shangazi alikaa mlangoni na mkoba akikusanya simu na kugawa namba kama wanaohifadhi viatu. Kwa hivo ni ama uwe na mwanamke mmoja unayemuamini mwenye kamera, ama usiwe na kitu. Mie yangu mamangu alikataa video kabisa akaruhusu picha tu, na kwa wakati ule alikuwa na haki, alikuwa amesikia kanda ya mtu ilivyozunguka mtaani.

Swali ambalo kila mtu analiuliza ni nani atapiga. Mwanamke, haya, vizuri. Swali wanalosahau ni nani ataediti. Dada wa kwanza tuliyeenda kumuona alikuwa mzuri kwa kazi, kazi zake safi, tukakaribia kutoa arbuni, mamangu akamuuliza tu mwanangu na hizi ukishazipiga nani anazikatakata, dada akanyamaza kidogo halafu akasema kuna kijana ofisini. Tukamshukuru tukaaga. Mtu anamficha binti yake kwa wanaume mia tatu mlangoni halafu kijana mmoja anakaa na video yote kwa wiki tatu mbele ya kioo, anaisimamisha, anaivuta karibu, wewe huna habari. Simlaumu kijana, anafanya kazi yake, lakini lazima uulize kabla.

Wa pili alisema anaediti mwenyewe nyumbani kwake. Tukakubaliana mambo matatu na tukayaandika kwa karatasi, moja tutanunua memori kadi wenyewe na atapiga kwenye zetu, mbili usiku ule ule anatukabidhi, tatu haweki hata sekunde tano kwenye ukurasa wake wa matangazo, si yetu si ya mgeni. Kama atakwambia hio ya tatu ni kali mkumbushe kuwa Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na video ya mtu anayetambulika ni data yake huyo mtu. Tulinunua kadi mbili za GB 128. Ukipiga kwa ubora wa 4K wa kawaida wa hizi kamera, kama megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula GB 45, kadi moja haifiki hata masaa matatu, kwa hivo tulimwambia apige HD ya 1080 ambayo kadi moja inachukua usiku mzima na haibadilishi kitu kwenye televisheni ya sebuleni. Saa saba usiku wageni wanatoka, yule dada akazitoa zile kadi kwenye kamera mbele yetu akampa mamangu mkononi. Mamangu akazifunga kwenye pindo la leso, fundo mbili, vile nyanya alivyokuwa akifunga pesa zake, na akalala nazo. Kuediti mdogo wangu alienda mwenyewe kwa yule dada siku mbili wakakaa pamoja, na alipotoka akatoka na kila kitu.

Ndani ya ukumbi pia kuna ujuzi ambao jamaa hana hata ukimpa kamera. Zile taa za rangi za jukwaani zinamfanya biharusi awe wa zambarau mara kijani, mpiga video akijua kazi anaweka rangi ya kamera kwa mkono na kuongeza taa yake ndogo nyeupe upande mmoja, dhahabu inaonekana dhahabu na hina inaonekana hina. Na kuna unyevu wa Mombasa. Kamera iliyokaa kwenye gari la kipoza hewa ikitoka nje inashika ukungu kwenye lenzi, na si wa kupangusa ukaisha, unarudi. Yule kijana wa nikah alikuja kwa gari kutoka Nyali na akatoa kamera kwenye begi robo saa kabla, akaiacha barazani izoee joto. Nlipoiona nkajua huyu ni wa hapa hapa. Aliyetoka Nairobi asubuhi pengine hajui hilo mpaka limpate bwana harusi keshapita.

Pesa. Mwanzo tulipewa bei ya elfu 80 kwa siku tatu, hina, nikah, kupamba, na droni ndani. Tukakaa tukajiuliza nini hasa tunataka kuja kukiangalia miaka kumi mbele, tukakata. Mwisho tulilipa elfu 15 kwa kijana masaa mawili ya nikah na kupa mkono, na elfu 25 kwa dada wa kupamba masaa manne. Elfu 40 jumla, kadi juu yetu. Hina tulimpa binamu simu yenye nafasi, pawabenki na kiti, tukamwambia kazi yako ni wazee tu, mpige mwanamke yeyote aliyepita miaka sitini anapoimba, wasichana watajipiga wenyewe. Ukikodi kwa masaa badala ya siku ndipo bei inaposhuka, na wengi wanakubali ila hawakwambii mpaka uulize. Arbuni tulituma kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki, na nusu iliyobaki baada ya kukabidhiwa.

Lakini kama unataka kukopa ili ukodi, usikodi. Nasema kwa moyo safi. Ile simu ya mfukoni mwa kanzu itakupa lile la maana, na deni la harusi linaingia na nyinyi mpaka ndani ya nyumba.

Droni mimi sikuitaka na bado siitaki. Kwanza Kenya droni ina kanuni zake tangu 2020 chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, lazima iwe imesajiliwa na mwenye kuirusha awe na kibali, na Mombasa hii tuna uwanja wa ndege, tuna bandari, tuna kambi ya jeshi la wanamaji Mtongwe, kwa hivo anayekwambia ntairusha tu usijali muombe karatasi. Pili Mji wa Kale nyumba zimegusana, watu wana nyua na madari wanaanika nguo na kukaa bila mtandio, kitu kinapita juu yao kinachukua picha, majirani wana haki ya kukasirika. Kwa harusi ya ufukweni sawa, huko labda.

Mpiga picha nae? Mkodi, hilo sina maneno mengi, picha ndio inayokaa ukutani na ndio mtu mzima anayoishika mkononi. Ila akikwambia usijali video pia ntakupigia mimi mwenyewe na kamera hii hii, kataa. Wakati wa kupa mkono ataamua kimoja, na atachagua picha kwa sababu ndio kazi yake, utapewa video inayokatika kila baada ya dakika.

Harusi za kanisani hesabu inageuka kidogo, nimehudhuria kadhaa za wafanyakazi wenzangu. Kule biharusi yuko pale pale anasikia kiapo chake mwenyewe, na simu zinaruhusiwa, kwa hivo ile haraka ya kukodi inapungua. Wao ningewaambia wakodi kwa ajili ya hotuba za wazazi, na maiki iwekwe karibu na spika au mtu wa video apewe waya kutoka kwa mtu wa mitambo, manake kwenye bustani jenereta iko nyuma ya hema na ndio inayosikika kuliko baba mtu.

Jambo moja nliloliona baya kwa kukodi ni kungoja. Yule wa nikah alisema wiki tatu ikawa miezi mitano, kila tukipiga simu iko mwisho mwisho. Tungeandika tarehe kwa karatasi kama tulivyofanya na dada wa kupamba yasingetokea, na tungedai pia klipu zote mbichi, siyo ile ya dakika nne iliyopambwa peke yake. Ya dakika nne ina nyimbo juu ya kila kitu, ukiipandisha YouTube mfumo wao ukiutambua wimbo video inaweza kuzimwa sauti au kuzuiwa, na kibaya zaidi wimbo umefunika maneno. Sisi baba akitaja jina tunalisikia kwenye klipu mbichi, kwenye ile nzuri pale kuna kinanda. Usimlipe mtu salio kabla hujazichukua mbichi na kuzifungua kwenye laptopu yako, moja moja mpaka mwisho.

Na ukishazipata ziweke zaidi ya mahali pamoja. Mamangu ana kanda ya VHS ya harusi yake, ilikuwa kabatini chini ya mashuka, nlipoifungua kile kidirisha nkaona kuvu nyeupe imezunguka utepe kama unga, hewa ya chumvi na unyevu wetu haibakishi kitu. Fleshi nazo hufa bila kuaga. Ya mdogo wangu iko kwenye hadi diski nyumbani kwake Tudor, nyengine kwa mamangu, na nikah, ambayo haina siri ya mtu, iko na kwenye mtandao. Ya kupamba haiendi mtandaoni hata kwa nywila, hiyo ni diski tu.

Kama harusi yenu ni baada ya Idi anza kutafuta sasa. Wakati wa Ramadhani hakuna harusi, ukiingia mfungo mosi, ule mwezi wa baada ya Ramadhani, zote zinakuja pamoja, Ijumaa moja unaalikwa kwa watu wanne. Vijana wa kupiga nikah utapata hata wiki mbili kabla. Wanawake wanaopiga na kuediti wenyewe ni wachache, hao ndio wanaomalizika kwanza, na ukikuta wamekwisha usijipoze na yule mwenye kijana ofisini.